Trela la Farasi Lililonunuliwa kwa Kiswahili

Vijana wa idara ya mifugo, na ninyi mlio nje ya idara ambao siku moja mtalazimika kununua chombo kilichokwisha kuchakazwa na mwingine, nawaandikieni kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya ufundi: nataka mjue namna ya kuchagua trela la mnyama pale mfuko unapokuwa mwembamba. Ya pili inahusu jina langu.

Majuzi, katika karamu ya kumuaga mwenzetu aliyestaafu hapa Mbale, kijana mmoja mwenye tai nzuri aliwaambia wenzake mezani kwamba lile trela la farasi, lililobeba mafahali wa mbegu baada ya vita, "lilinunuliwa kwa Kiswahili." Meza nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya pilau. Niliiweka chini.

"Mwanangu," nikamwuliza, "ulikuwapo?"

"Ah, mzee, ni utani tu."

"Utani una watani wake. Mimi na wewe si watani."

Kwa msomaji asiyezijua habari za kwetu, sina budi kueleza. Katika pembe hii ya nchi, Kiswahili kiliwafikia watu wengi kikiwa kimevaa buti. Walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, na walikisikia mlangoni pale mlango ulipogongwa kwa kitako cha bunduki. Kwa hiyo ulizuka msemo kwamba kununua kwa Kiswahili ni kuchukua cha mtu huku ukimtazama machoni, naye akushukuru kwa kumwachia roho yake. Mimi nilizaliwa katika nyumba ya Waislamu wa mjini Mbale. Mama alinikemea kwa Kiswahili, baba aliuza ngozi kwa Kiswahili, na posa yangu ilipelekwa kwa Kiswahili. Lugha hiyo ilinilea kabla haijaandikishwa jeshini. Nakataa kuona jina lake na jina langu yakitupwa katika shimo moja la taka. Sasa sikilizeni mambo yalivyokuwa.

Nilikuwa msimamizi wa usafirishaji katika idara ya mifugo. Cheo hicho, katika miaka niliyokipata, kilimaanisha kusimamia gari moja lisilo na injini na baiskeli mbili zenye afya. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini ng'ombe walikuwa wamekwisha kabla ya vita. Vijiji vizima vilikuwa na mitamba michache iliyofichwa, bila fahali hata mmoja. Shamba moja karibu na Jinja likakubali kutupatia mafahali wa mbegu. Kazi ya kuwafikisha Mbale salama ikawa yangu.

Hapo naingiza habari za mkuu wangu wa wakati ule, mtu mwungwana, aliyependa rangi. Aliliona trela katika eneo la viwanda hapa Mbale, limepakwa buluu inayong'aa kama sahani ya sikukuu, akalinunua siku hiyohiyo. Nilimshauri tulitazame kwanza chini. Akaniambia, "Bwana Twaibu, wewe una tabia ya kuinua sketi za vitu." Fahali wa kwanza alipandishwa humo. Kabla hajafika Iganga, ubao wa sakafu ulikatika na mguu wake ukatokea chini, ukaburuzwa na barabara. Aliishia buchani. Wenye shamba wakatupa neno la mwisho kwamba watatoa mmoja tena, na huyo akiharibika, tusirudi kubisha hodi.

Kumbukeni basi, vijana. Rangi ni chakula cha macho, na mnyama hasimami juu ya rangi. Anayeuza trela bovu hununua kopo la rangi kabla hajanunua ubao, kwa kuwa kopo ni rahisi na ubao ni ghali. Ukiona rangi mpya juu ya chuma cha zamani, usifurahi, jiulize kilichofunikwa. Lala chini. Chukua bisibisi, uuchome ubao kutoka upande wa chini, hasa pale mnyama anaposimamisha miguu ya nyuma, maana mkojo hula mbao kimyakimya kwa miaka. Ubao mzima hukataa bisibisi. Ubao uliooza huikaribisha.

Tairi nazo hudanganya. Trela hukaa muda mrefu bila kwenda, hivyo kashata za tairi, yale meno yanayokanyaga barabara, hubaki nene huku mpira wenyewe ukifa kwa jua. Usitazame kashata, tazama ubavu. Ukiona nyufa ndogondogo kama za matope yaliyokauka, tairi hilo limezeeka, hata kama halijatembea. Fundi mmoja wa Namatala, aliyekuwa akitulehemia vyuma, alizoea kusema, "Tairi la trela ni kama bikizee aliyekaa ndani: uso laini, magoti hakuna." Mkewe alikuwa akimsikia. Sitaandika alichomjibu.

Nirudi Jinja. Tulisikia kwamba kuna mjane huko, Mama Nabirye, mwenye trela la farasi. Farasi hawakuwa wengi nchini, ila tajiri mmoja wa Jinja aliwahi kufuga wawili wa kupanda Jumapili, na mume wa mama huyu ndiye aliyekuwa mtunzaji wao. Tajiri alipoondoka nchini, alimwachia mtunzaji trela liwe kiinua mgongo chake. Farasi walichukuliwa na wenye bunduki. Trela likasalia, kwa sababu mume na mke waliligeuza banda la kuku. Wenye bunduki walipokuja mara ya pili waliona kuku, wakachukua kuku. Hakuna aliyejisumbua kuinama atazame magurudumu nyuma ya magunia na majani makavu ya migomba.

Tulikwenda kwa pikapu ya kukodi. Mwenye pikapu alikuwa Wekesa, Mkenya wa upande wa Bungoma, aliyekuwa akileta vitunguu kutoka mpakani. Ulimi wake haukuwa na breki, lakini gari lake lilikuwa nazo. Mimi nilivaa kaunda suti ya kaki, vazi la heshima la ofisini, na viatu virefu vya mpira kwa ajili ya matope. Mkononi nilikuwa na tochi ya kutazamia chini ya trela. Nawaomba mlitie akilini vazi hilo.

Mama Nabirye alikuwa ameketi nje ya jikoni, nyuma ya maduka ya zamani ya mjini, akimenya matoke. Nikasimama, nikamsalimu kwa Kiswahili kamili, kama nilivyofunzwa. Nikamwambia kwamba nimesikia anacho chombo cha kubebea wanyama, na kwamba ningependa kukikagua.

Kisu kikamwanguka. Akapiga magoti.

"Afande, mimi sina neno. Ile tela iko pale. Chukua tu, afande."

"Mama, inuka. Mimi si afande. Nimetumwa na idara ya mifugo kuja kununua."

"Ndiyo, afande. Kununua. Chukua tu."

Wekesa akaninong'oneza, "Mzee wangu, unaongea kama redio asubuhi ya mapinduzi. Teremsha kidogo."

Nilijaribu Kiganda changu, ambacho ni cha kuokoteza. Kikazidi kumtisha, kwa sababu maofisa nao walikuwa na desturi ya kubembeleza kwa Kiganda kibovu kabla ya kupiga. Basi nikaona heri niendelee na ukaguzi, nikiamini kwamba kazi ingenieleza kuliko maneno.

Trela lilikuwa zuri kwa umbo. Lilikuwa na ekseli mbili, jambo ninalowahimiza mlitafute, kwani ekseli moja humyumbisha mnyama, naye akiyumba hulisukuma trela, na trela likisukumwa huliendesha gari. Lilikuwa na matundu ya hewa juu, na ubao wa kati wa kutenganisha farasi wawili ungeweza kuondolewa fahali apate nafasi. Mlango wa nyuma uliteremka ukawa daraja. Kile kikombe cha chuma kinachokalia tufe lililo nyuma ya gari hakikuwa kimelika. Lakini sakafu ilifunikwa kwa mpira mzito, na juu ya mpira kulikuwa na tabaka la samadi ya kuku lililoganda kama saruji. Na upande wa chini kulipigiliwa mabati mapana, yakazificha mbao zote. Bisibisi yangu haikupata pa kuchoma. Ilibidi niulize.

"Mama, mbao za sakafu ni nzima?"

"Nzima, afande."

"Au zimeoza?"

"Zimeoza, afande."

"Tairi hizi zilibadilishwa?"

"Zilibadilishwa."

"Nimeambiwa hazikubadilishwa."

"Hazikubadilishwa, afande. Samahani."

Wekesa alilazimika kwenda kusimama nyuma ya pikapu. Nilimsikia akikohoa kicheko.

Hapa pana somo ambalo halimo katika mafunzo yoyote ya idara. Mwuzaji mwongo anafaa, kwa sababu uongo una mkia. Ukiuvuta, ukweli hutokea. Mwuzaji mkali anafaa zaidi. Lakini mwuzaji mwenye hofu hakufai kwa lolote. Yeye hakwambii kweli wala uongo, anakwambia ndiyo. Na mimi nilikuwa na fahali wa mwisho wa kumpandisha juu ya ndiyo hiyo.

Nikataja bei. Akasema nyingi mno, nipunguze. Nimefanya biashara tangu utotoni mwangu katika duka la ngozi, na sijapata kumwona mwuzaji akiomba bei ishuke. Nikaipandisha. Macho yakamtoka; alidhani ni mtego. Akamwita jirani yake amkamatie kuku, jogoo mwekundu mwenye kifua, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akaniwekea mbele ya viatu vyangu.

"Hii ya watoto wako, afande. Wewe nenda na tela, nenda na kuku, mimi sijasema kitu."

Vijana, nawaeleza bila kuongeza chumvi. Nilikuwa na fedha halali mfukoni na hati zote za mauzo tayari kutiwa saini. Ningeweza kumwita aweke dole gumba, nikafunga trela, nikaondoka. Karatasi ingekuwa safi. Lakini hati haijui kutofautisha kidole kinachotulia na kidole kinachotetemeka. Kama ningeondoka vile, yule kijana wa tai angekuwa amesema kweli.

Niliketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Jua lilikuwa limenichosha, na mtu akichoka hurudia desturi zake za nyumbani. Kwetu, ukishamaliza kununua, hata kama ni fungu la nyanya, huwezi kuondoka bila kuomba cha juu. Bila kufikiri, nikasema kama mama yangu alivyokuwa akisema sokoni:

"Haya, mama. Na nyongeza je?"

Mama Nabirye akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Nyongeza?"

"Nyongeza, mama. Nimenunua kitu kikubwa hivi, niondoke mikono mitupu?"

"Nyongeza gani? Umenunua nyanya hapa?" Akasimama, mkono kiunoni, r na l zikibadilishana nafasi kinywani mwake kwa hasira. "Bei yenyewe ya kuria mtu, halafu nyongeza! Bambi, jamani! Wewe nani?"

"Nimekwambia, mama. Twaibu, wa mifugo, Mbale."

"Afande haombi nyongeza," akasema polepole, kana kwamba anajieleza mwenyewe. "Afande anachukua yote. Nyongeza ataomba kwa nani?" Kisha akamgeukia jirani na kusema kwa Kisoga maneno marefu ambayo Wekesa, aliyedokoa lugha zote za barabara kuu, alinitafsiria kwa kifupi: "Anasema umemkausha mate kwa nguo yako ya kijinga."

Baada ya hapo tuligombana vizuri sana. Bei ikapanda, nikaishusha, akaipandisha. Akaniambia mimi ni mchoyo kama mwewe. Nikamwambia trela lake linanuka.

"Linanuka kuku! Ulitaka linuke malashi?"

"Mama, na sakafu je?"

"Sakafu ya kulia nzuri, mzee wangu alitia mbao za mvule. Ya kushoto usikanyage!" Akanivuta mkono wa shati. "Kushoto alisimama farasi jike, huyo alikojoa kama mto Nairo. Imekufa yote. Chini ya ule mpira hakuna mbao, kuna heshima tu."

Wekesa akapiga kofi. "Mama, umefunguka kama redieta!"

"Na gurudumu la nyuma, upande wa barabara, linachemka. Mzee wangu kila aliposimama alishika pale katikati kwa mkono. Mkono ukikataa, anapumzika."

Hapo nililipata nililolifuata. Tulikubaliana bei iliyozidi ile niliyoitaja mwanzo, na haikuvuka kiasi nilichokabidhiwa. Alitia dole gumba bila haraka, akalifuta kwenye kanga, akaniuliza kama na mimi nimetia sahihi yangu vizuri au nimechora mdudu.

Nyongeza akaileta mwenyewe kutoka jikoni. Ilikuwa kabari ya mvule, nzito, iliyochongwa na marehemu mumewe, ya kuzuia gurudumu lisirudi nyuma. Alikuwa akiitumia kuzuia mlango. "Tela bila hii ni mlevi," akasema.

Wekesa, ambaye hakujua kunyamaza, akaonyesha jogoo aliyefungwa miguu. "Na yule, mama? Si ulishampa mzee?"

"Yule?" Akainama, akamfungua kamba, akampiga kofi la mkia akimbie. "Yule alikuwa wa afande. Afande yuko wapi hapa?"

Trela tulilivuta tupu hadi Mbale kwa mwendo wa harusi. Kila tuliposimama nilikishika kitovu cha gurudumu kwa kiganja, kama marehemu, na mara mbili kiganja kilikataa. Beringi tulizibadilisha. Yule fundi wa Namatala aliondoa sakafu yote ya kushoto. Chini ya mpira, kama mama alivyosema, palikuwa na unga wa mbao na bati lililoliwa na kutu. Kabla ya kumwendea fahali, nilisimama mimi ndani ya trela, Wekesa akalizungusha uwanjani. Nawausia mfanye vivyo hivyo, uwanjani tu na kwa mwendo wa miguu. Mahali ambapo huwezi kusimama wewe mwenye akili na mkono wa kushikia, usimsimamishe mnyama asiye na kimojawapo.

Fahali tulimchukua shambani. Alikuwa mkubwa, mtulivu, mwenye dharau ya waziri. Tulifika kizuizi kimoja mbele ya Bugiri, mahali barabara inapopanda. Askari wakaamuru mlango wa nyuma ufunguliwe waone tunachoficha. Nikatia kabari nyuma ya gurudumu kwanza, ndipo nikateremsha daraja. Fahali alipoona mwanga, alirudi nyuma kwa uzito wake wote. Pikapu ikalia, mnyororo ukakaza, trela likataka kushuka. Kabari ikalia kidogo kwenye changarawe, ikakataa. Fahali akatulia. Askari mmoja alikuwa amesimama hapohapo nyuma.

Alipopata pumzi, akauliza, "Hili dude mmelitoa wapi?"

"Nililinunua kwa mama mmoja, Jinja."

Wenzake wakatazamana. "Kwa Kiswahili, siyo?" akasema mmoja, na wote wakacheka. Kumbe hata wao waliujua msemo.

"Kwa Kiswahili," nikamjibu, "na nyongeza akanipa. Hiyo hapo, chini ya gurudumu."

Yule aliyeokoka aliinama akaitazama kabari. Hakucheka. Akainua ule mti uliozuia barabara kwa mikono yake mwenyewe, akasema, "Pita, mzee."

Fahali yule alifika Mbale na miguu minne. Ng'ombe wengi mnaowaona leo njiani wana paji la uso lake, na dharau yake pia. Trela lilitumika hadi chuma chenyewe kikachoka. Kabari ninayo. Inazuia mlango wangu, kama ilivyozuia wa kwao.

Basi, kijana mwenye tai, na wote mliocheka pamoja nawe: mnapokwenda kununua kilichotumika, tazameni chini kabla ya juu, shikeni vitovu vya magurudumu, chomeni mbao. Lakini kabla ya hayo yote, mwachieni mwenye mali nafasi ya kuwakatalia. Akishindwa kuwanyima kitu, hajawauzia kitu. Mimi niliondoka na trela, hati na kabari, vyote kwa Kiswahili. Na atakayeendelea kusema kwamba nilinyakua, namwomba anieleze jambo moja tu: kwa nini jogoo alibaki Jinja.